Kijikaratasi cha Pinki

Kwa miaka kumi na saba hakuna faili lililotoka kwenye masjala ya hospitali ile bila kuacha kijikaratasi mahali pake. Kilikuwa cha pinki, kirefu kama kiganja, na aliyechukua faili aliandika juu yake jina lake, tarehe, na chumba anakolipeleka. Kilichomekwa rafuni, kwenye pengo lilelile la faili, na hakikutoka hapo mpaka faili limerudi. Sheria hiyo aliiweka karani wa masjala mwenyewe, na hakumsamehe mtu. Mganga mkuu aliwahi kuchukua faili akiwa mbioni, akaahidi kuandika baadaye. Karani alimfuata mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, kijikaratasi mkono mmoja, kalamu mkono wa pili, akasimama pale hadi kilipoandikwa. Tangu siku hiyo watu wakamwita Bi Faili, naye akalipokea jina hilo kama mtu aliyevishwa nishani.

Wauguzi wapya aliwafundisha kwa maneno machache. "Jina likiwa wazi, mwenye jina anajibu." Kama kijikaratasi kina jina lako na faili halionekani, usije na hadithi, lete faili.

Alikuwa na miaka arobaini na moja alipojiandikisha katika chuo kilichokuwa mtaa wa pili kutoka hospitalini, kusomea stashahada ya ushauri nasaha. Hospitali ilikuwa imetangaza kwamba itafungua chumba cha ushauri, na kwamba atakayekaa humo atachaguliwa miongoni mwa wafanyakazi wake watakaofaulu mtihani wa kwanza wa masomo hayo, aanze kazi huku akiendelea kusoma. Chumba chenyewe kilikuwa tayari. Kilipakwa rangi ya maziwa na kilikuwa na dirisha linalotazama bustani. Masjala haikuwa na dirisha hata moja. Bi Faili alipita mbele ya chumba kile kila asubuhi, na mara mbili au tatu aliingia akasimama tu katikati yake.

Hakujiandikisha peke yake. Alikuwepo mwanamke mwingine aliyekuwa mhudumu wa usafi hospitalini hapo, mdogo kwake kwa miaka kumi, aliyemaliza sekondari kwa kujisomea akiwa tayari ana watoto wawili. Wagonjwa walimwita Chapchap kwa namna alivyopiga deki, maana ulimwona na fagio mwisho wa korido, ukigeuka kumeza dawa, ukigeuka tena yuko miguuni pako anakuomba uinue ndala. Kila siku saa moja asubuhi alipiga deki sakafu ya masjala. Alimwita Bi Faili dada, na Bi Faili alimwita mdogo wangu. Kwa haki yake lazima isemwe kwamba ni Bi Faili aliyempa habari za chuo, akamsaidia kujaza fomu, akamsahihishia alipoandika tarehe ya kuzaliwa kwenye mstari wa namba ya simu. Alifanya hivyo kwa moyo mweupe. Alimwonea huruma, na kumwonea mtu huruma ni rahisi ukiwa umekaa kwenye kiti na yeye yuko chini na kitambaa.

Somo la kwanza lilikuwa saikolojia, na mtihani wake ungefanyika baada ya miezi mitatu. Anayeanguka hapo haendelei. Bi Faili alijiandaa kama alivyopanga mafaili. Alikata kadi, akaandika neno upande mmoja na maana yake upande wa pili, akazipa namba, kisha akazibandika nyumbani kote. Mumewe, fundi viatu, mtu wa maneno ya mzaha, alilalamika kwamba akitafuta chumvi anakuta Utambuzi, akifungua kabati la vikombe anakuta Motisha, na asubuhi ile amenyoa ndevu huku Hasira ikimtazama kwenye kioo.

"Mke wangu," alisema, "mimi sijui saikolojia, lakini nyumba hii sasa imeanza kunisoma."

Bi Faili alicheka, akazidi kukariri. Wiki tatu za mwanzo alikuwa na furaha.

Kisha mwalimu, mzee mmoja mwenye sauti ya chini aliyefundisha akiwa amekaa juu ya meza, aliuliza darasani nani anaweza kueleza jinsi kiumbe anavyojifunza kuunganisha vitu viwili, kama yule mbwa aliyezoeshwa kudondokwa na mate akisikia kengele. Bi Faili alinyanyua mkono, akatoa maana neno kwa neno, bila kukosea hata koma. Mwalimu akasema vizuri. Kisha Chapchap akanyanyua mkono. Alisema kuna mama wodini aliyekuwa akichomwa sindano kila siku saa nne. Toroli ya sindano ina gurudumu moja linalolia. Sasa mama yule amepona, anakuja kliniki tu, lakini juzi yeye Chapchap alipita na ndoo yake yenye magurudumu, gurudumu likalia, na mama akashika paja lake palepale pa sindano. "Nikajua nimeshakuwa kengele," alisema.

Darasa zima lilicheka. Mwalimu alishuka mezani. Alirudia mfano ule ubaoni, akasema kwamba mtu anayeona hivi hahitaji kukariri, na kwamba angependa kila mmoja asome kama Chapchap anavyosoma.

Bi Faili naye alicheka pamoja na wengine. Lakini njiani kuelekea nyumbani alijikuta akihesabu miaka aliyoisikia toroli ile ikipita mlangoni kwake. Alikuwa amelisikia gurudumu lile kabla Chapchap hajaajiriwa. Alilisikia kila siku saa nne. Hakuona kitu.

Kuanzia hapo wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, si wa kuua, ila kila akimeza anausikia. Aliona kwamba Chapchap ana kalamu mbili, moja ya akiba, zote zimefungwa kwa mpira mmoja. Aliona mwalimu anavyotazama upande ule kabla ya kuuliza swali. Asubuhi, Chapchap alipopiga deki masjala huku akisema kwa sauti mambo aliyosoma, Bi Faili alikuwa akikohoa. Siku moja sakafu ilikuwa bado mbichi, na kulikuwa na njia kavu ukutani ambayo wote waliifuata siku zote. Bi Faili alikatiza katikati na viatu vyake, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, akaacha nyayo saba za matope. Chapchap alizitazama. Akachovya fagio, akapitia upya.

"Una haraka leo, dada," alisema.

"Kazi ni nyingi," alijibu Bi Faili, akafungua faili ambalo halikuhitaji kufunguliwa.

Jaribio la mwezi wa pili lilipotoka, Chapchap alikuwa na sabini na nane, wa kwanza. Bi Faili alikuwa na sitini na moja. Chapchap alikuja kukaa kando yake na kumwambia wasome pamoja, kwa sababu dada anajua maana zote na yeye Chapchap huzichanganya. Ilikuwa kweli, na lilikuwa jambo jema. Bi Faili alisema ataangalia nafasi. Hakuiangalia.

Sasa kitabu. Maktaba ya chuo ilikuwa na nakala moja tu ya kitabu cha somo lile, na haikuruhusiwa kutoka nje. Aliyetaka kusoma alikichukua rafuni, akaandika jina kwenye daftari la mkutubi, na alipokirudisha mkutubi aliweka alama ya vyema mbele ya jina lake. Chapchap alisoma saa sita mchana, katika mapumziko yake. Bi Faili alisoma saa kumi, akitoka kazini. Wengine walipita wanapoweza.

Ilikuwa imebaki wiki mbili na nusu kabla ya mtihani. Siku hiyo Chapchap aliitwa kazini ghafla, akaacha kitabu juu ya meza ya mkutubi, ambaye alikuwa ametoka kidogo, akakimbia. Bi Faili alipofika saa kumi, mkutubi alikuwa ametoka tena, kitabu kipo mezani, na daftari limefunguliwa kando yake. Jina la mwisho lilikuwa la Chapchap. Halikuwa na vyema.

Alichukua kitabu. Hakuandika jina. Alisoma saa nzima kwenye meza ya mwisho, mgongo kwa mlango, na alipomaliza hakukirudisha mahali pake. Miaka kumi na saba ilikuwa imemfundisha kwamba faili lililoibwa hutafutwa, lakini lililochomekwa rafu isiyo yake hupotea hata kama liko hatua mbili kutoka ulipo. Chini ya dirisha kulikuwa na magazeti ya zamani ya kilimo, juzuu thelathini na mbili zenye vumbi ambazo hakuna mwanafunzi wa chuo kile aliyewahi kuzigusa. Alikichomeka katikati yake. Alijiambia ni kwa wiki moja tu, apate kumfikia mwenzake. Watu husema hivyo. Wangesema ukweli mapema wangejiepusha na mengi.

Kila jioni, siku tisa, alikwenda kwenye magazeti ya kilimo, akatoa kitabu, akakisoma sura kwa sura kikiwa kimefichwa ndani ya juzuu moja, akakirudisha. Na kila mchana Chapchap alikuja, akakikosa. Mkutubi alifungua daftari, akamwonyesha jina lake likiwa halina vyema. Chapchap alieleza kwamba alikiacha mezani. Mkutubi, kijana mpole lakini mwoga wa wakubwa wake, alisema meza haiweki sahihi.

Asubuhi ya siku ya nne Chapchap alisimama masjala na ndoo yake, hakupiga deki kwanza.

"Dada, wewe huingia maktaba jioni. Kile kitabu hujakiona?"

Bi Faili alikuwa akipanga vijikaratasi. Hakuinua uso. "Ulisaini kuchukua?"

"Nilisaini."

"Ulisubiri uwekewe vyema?"

"Niliitwa wodini, dada. Kuna mgonjwa alikuwa ametapika korido nzima."

"Sasa mdogo wangu," alisema Bi Faili, na neno lile lilimtoka laini kabisa, "hapa unanisikia kila siku nikisema. Jina likiwa wazi, mwenye jina anajibu."

Chapchap aliishusha ndoo sakafuni. Halafu akasema kwamba kweli, amekosea, asingeacha mezani. Aliomba basi aazime madaftari ya dada kwa siku mbili tu. Bi Faili alisema mwandiko wake ni mbaya, hautasomeka. Mtu aliyeandika majina ya wagonjwa wa hospitali nzima kwa miaka kumi na saba, na kila daktari akayasoma, alisema mwandiko wake hautasomeka. Chapchap akapiga deki, akaondoka.

Jumatano ya wiki ya mwisho mkuu wa chuo alitoa uamuzi. Kitabu kirudi kabla ya mtihani, au mwanafunzi ambaye jina lake liko wazi asiingie chumba cha mtihani.

Habari hizo zilimshtua Bi Faili. Hakuwa ametaka yafike huko; alitaka tu Chapchap apate sitini na moja kama yeye. Alhamisi jioni alisoma kitabu kwa mara ya mwisho, sura ya saba, ile ya kumbukumbu, akaazimia kwamba kesho yake atakichomoa na kukiangusha nyuma ya meza ya mkutubi, kionekane kama kilidondoka siku zote. Mumewe alimwona hali chakula. Alimweleza kwamba yule mwenzake wa usafi huenda asifanye mtihani, kapoteza kitabu.

"Basi umebaki wewe mbele," alisema fundi viatu. "Mbona unakula kama aliyefiwa?"

Ijumaa saa kumi aliingia maktaba moja kwa moja mpaka chini ya dirisha. Rafu ilikuwa tupu. Vumbi lilikuwa limebaki na mistari myeupe mahali juzuu zilipokaa. Mkutubi alimwambia, kwa furaha kidogo, kwamba hatimaye kibali kimepatikana, magazeti yote ya kilimo yamefungwa kwenye magunia asubuhi na kupelekwa kwa mjalidi katika mji mwingine, yakatiwe majalada mapya.

"Yatarudi lini?" aliuliza.

"Mwezi ujao. Labda na nusu. Kwani ulikuwa unayasoma?"

Hapo palihitajika sentensi moja. Mkutubi alikuwa na simu mezani, na mjalidi ana simu. Bi Faili alisimama mbele ya meza ile muda wa mtu kuandika jina lake na tarehe. Kisha akasema hapana, aliuliza tu.

Mtihani ulikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Chapchap alikuja. Alikuwa amevaa gauni lililopigwa pasi na viatu ambavyo Bi Faili hakuwahi kuviona, na alikuwa na kalamu zake mbili. Mlangoni msimamizi alitazama orodha, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba jina lake limewekewa alama. Hakubisha. Alisogea pembeni kuwapisha wengine, na Bi Faili alipofika mlangoni ndipo akagundua kwamba kalamu yake mwenyewe imevuja wino ndani ya mkoba. Alikuwa akifuta vidole kwa kitambaa. Chapchap alifungua ule mpira, akamkabidhi kalamu moja.

"Chukua, dada," alisema. "Angalau kalamu yangu iingie."

Alichukua. Akaingia, akaandika mtihani mzima kwa kalamu ile. Swali la nne lilihusu kumbukumbu, kwa nini mkono wa mtu hufanya jambo ulilozoea hata pale akili yake imekwenda kwingine. Alilijibu vizuri kuliko mengine yote.

Alipata sabini na nne, wa kwanza darasani. Jina lake lilibandikwa kwenye ubao wa chuo, na mganga mkuu alipita masjala kumpa mkono, akasema chumba chenye dirisha kinamsubiri. Bi Faili aliiweka kalamu ile ndani ya droo. Alikusudia kuirudisha, lakini kila asubuhi Chapchap alipoingia na ndoo, droo ilikuwa nzito kufunguka. Chapchap hakuuliza juu ya kalamu. Aliendelea kumwita dada, na hilo ndilo Bi Faili aliloliona gumu kuliko yote, akaanza kuja kazini akiwa amechelewa ili akute sakafu imekwisha kauka.

Wiki ya sita magazeti ya kilimo yalirudi, mekundu, mapya, yananuka gundi. Juu ya gunia la kwanza mjalidi alikuwa ameweka kitabu cha saikolojia pamoja na barua fupi, kwamba hiki kilikutwa katikati ya juzuu ya kumi na tisa na ya ishirini, hakimo kwenye orodha, na kwamba hajatoa alama ya msomaji iliyokuwa ndani.

Alama hiyo ilikuwa kijikaratasi cha pinki. Kilikuwa kwenye sura ya saba. Ile Alhamisi ya mwisho, alipofunga kitabu, Bi Faili alitaka kitu cha kuwekea ukurasa, na mfukoni mwa koti lake la kazi hamkuwahi kukosekana vijikaratasi. Na kwa kuwa mkono wake haukuwahi kuchomeka kijikaratasi kitupu mahali popote kwa miaka kumi na saba, ulikuwa umekijaza. Jina lake kamili. Tarehe. Kwenye mstari wa chumba kinakopelekwa, uliandika Maktaba. Mwandiko ulisomeka vizuri sana.

Mkutubi alikipeleka kwa mkuu wa chuo, kisha, kwa kuwa alijiona ana deni la kumwomba mtu msamaha, akaenda hospitalini akamweleza Chapchap yote na kumwachia kijikaratasi.

Kesho yake Bi Faili alifika saa moja kamili, kwa sababu usiku ule hakuwa na usingizi wa kumchelewesha. Alikuwa ameitwa chuoni saa nne na alijua anaitiwa nini. Sakafu ilikuwa mbichi. Chapchap alikuwa amesimama karibu na meza, fagio limeegemezwa ukutani, na mkononi ana kijikaratasi. Mkuu alikuwa amebaki na nakala yake. Chapchap alikiweka mezani, akakinyoosha kwa vidole viwili.

"Kitabu kimerudi," alisema. "Kwa hiyo nimekichomoa. Si ndivyo mnavyofanya?"

Bi Faili alijaribu kusema mdogo wangu. Alifika kwenye mdogo.

"Hapana," alisema Chapchap, bila kupandisha sauti. "Mimi ni mhudumu wa usafi, na wewe ni karani. Kama kuna faili unataka lipelekwe wodini, niambie, nitalipeleka. Na kalamu yangu naiomba."

Droo ilifunguka bila shida. Chapchap aliifunga kalamu pamoja na mwenzake kwa mpira, akachukua ndoo. Alipotoka alifuata ile njia kavu ya ukutani.

Chuo kilifuta matokeo ya Bi Faili na kumwondoa kwenye orodha. Chapchap alifanya mtihani huo mwaka uliofuata, pamoja na darasa jingine, akafaulu. Lakini hospitali haikungoja mwaka mzima. Chumba chenye dirisha kilipewa mtu kutoka nje, na Chapchap bado anapiga deki wodini akisubiri nafasi nyingine itangazwe. Masjala inasafishwa saa kumi na mbili na nusu sasa, kabla karani hajafika. Wauguzi wapya wanachukua mafaili na kusema wataandika baadaye, na Bi Faili hawafuati.

Alitaka kumshusha mwenzake kwa alama kumi na saba. Ilimgharimu mwenzake mwaka mmoja na kazi aliyoistahili, na yeye mwenyewe ilimgharimu mtu pekee pale hospitalini aliyekuwa akimwita dada.